Mwenye Mshale

Jumapili, 3 Mei 1998

Mister Kisten, katibu wa klabu ya upinde kule Queensburgh, amenipa daftari hili pamoja na fomu ya kurasa nne. Anataka baba mudogo apewe ngao ya heshima mwisho wa msimu wa kuwinda, mwezi wa nane. Tuna miaka miwili tu Durban, lakini mzee huyu ameshatengeneza pinde za nusu ya klabu, amefundisha watu arobaini kunyatia, na amewaondolea wenye mashamba ya miwa nguruwe-pori waliozishinda bunduki. Fomu inauliza mafanikio ya maisha yake yote na utumishi wake kwa mchezo. Baba mudogo Vénérand hajui Kiingereza wala kuandika, na akiamua kunyamaza unaweza kumpikia, ukala, ukaosha vyombo, bado amenyamaza. Basi kazi imeniangukia mimi Sikujua, binti wa kaka yake, msusi wa nywele. Kisten ameniambia niandike kidogo kidogo kila siku, mwisho tutachuja.

Nimeanza leo leo. "Baba mudogo, tangu uanze kuwinda umeua wanyama wangapi?"

"Nyama inauliwa na mushale," akasema. "Uliza mushale ilikuwa ya nani."

Nimeandika jina lake na mwaka wa kuzaliwa, basi. Na mwaka wenyewe tumekisia.

Jumanne, 5 Mei

Vichwa vinne leo. Vidole vinaniuma, fomu haijaguswa.

Jumamosi, 16 Mei

Tulikuwa kwenye miwa tangu asubuhi: mimi, baba mudogo, Kisten, na Gosbert, Mtanzania anayesoma chuo na kupanga chumba Glenwood, ambaye anajiona amezaliwa na upinde mkononi. Mwenye shamba alitoa mbwa wawili. Nguruwe dume alitoka kwenye mabua kwa kishindo, akamfungua mbwa wa kwanza tumbo kwa pigo moja. Mbwa alikimbia huku akikanyaga utumbo wake mwenyewe. Gosbert akaachia mshale, ukaingia nyuma ya bega, nguruwe akapotelea kwenye miwa.

Wale wengine wangeenda kunywa chai. Baba mudogo alipiga magoti, akapaka damu kidoleni, akatuonyesha povu. Mapafu, akasema, yuko karibu lakini anateseka. Tulifuata saa mbili tukitambaa, majani ya miwa yakitukata mashavu. Tulimkuta amekaa kitako mtaroni, akipumua damu kwa pua. Kabla ya yeyote kusema neno, baba mudogo alishamfikia na kumzamisha kisu. Mkono wake wa pili alikuwa ameuweka juu ya kichwa cha mnyama, hakuuondoa mpaka miguu ilipotulia. Nimeona mara nyingi, na kila mara natamani kuangalia pembeni.

Gosbert akaanza kujipanga kwa picha. Baba mudogo akachomoa mshale, akaufuta, akamwonyesha zile pete tatu anazochoma kwa waya wa moto kwenye kila mshale anaotengeneza. "Nyama ni yangu. Wewe ulikuwa mukono. Chukua mukono wake wa kuume." Akampa mguu wa mbele, kichwa na uti wa mgongo vikawa vyake. Gosbert alinuna mpaka mjini.

Njiani nilimweleza. Katika ukoo wetu, kule Kongo, porini upande wa Kasongo, mnyama ni wa aliyechonga mshale, hata kama mwenyewe alikuwa amelala nyumbani na homa. Na si nyama peke yake. Mshale ukipiga mbuzi wa jirani, ukipiga hata mtu, anayeitwa kwenye baraza ni mwenye mshale. Babu yetu alitoa mbuzi kumi na wawili kwa mtu aliyepigwa na mpwa wake, na mpwa hakuulizwa kitu. Gosbert akasema hiyo ni sheria ya ajabu. Nikamwambia ajabu ni kuua kitu usichoweza kukitengenezea mshale.

Alhamisi, 21 Mei

Fomu imenitoa jasho. Nyati wa 1971, aliyeangushwa na rafiki yake Dominiki wakati baba mudogo mwenyewe alikuwa kitandani, mzee anataka aandikwe. Chui aliyekula watoto watatu, ambaye Kasongo nzima inajua nani alimpiga, hataki aandikwe, kwa kuwa mshale ulikuwa wa Dominiki.

"Lakini wewe ndiye ulisimama mbele ya chui!"

"Nilisimama, ndiyo."

"Basi niandike nini?"

"Andika Dominiki."

Dominiki amekufa tangu 1980. Nilipofika mwaka wa 1964, mwaka wa maasi kule kwetu, mzee akaniambia niuruke. "Ule mwaka si ya wanyama," akasema, akaenda kuangalia gundi yake jikoni.

Jumanne, 2 Juni

Wanachoma miwa huko juu. Majivu meusi yameangukia nguo zangu zote kwenye kamba. Nimefua mara mbili.

Jumamosi, 13 Juni

Serge, mume wangu, amepigwa.

Yeye ni mlinzi wa magari kwenye maegesho ya ufukweni, hatua chache kutoka ghorofa letu la South Beach. Kuna vijana wa hapa wanaosema maegesho yale ni yao na sisi makwerekwere, ndivyo wanavyotutukana Waafrika wageni, tumewanyang'anya. Nimewasikia, na sisemi njaa yao ni ya uongo. Lakini jana Bafana, timu ya taifa ya hapa, wamefungwa mabao matatu na Wafaransa, na wajinga wetu wa Kongo wakashangilia Kifaransa mitaani, na Serge mjinga wao mkubwa. Leo saa sita mchana, watu wakila aiskrimu, watano walimzunguka na mnyororo wa baiskeli. Kiongozi wao huvaa kofia nyekundu. Walimpiga usoni mpaka akaacha kujikinga. Mwenye gari alilokuwa akililinda aliingia, akawasha, akaondoka.

Nilimkuta amekaa chini ya robot, ile taa ya barabarani, kiganja juu ya jicho, damu ikitoka katikati ya vidole. Akaniambia, "Mama Agathe, usimlete mtoto hapa." Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nilijua. Sikujua kwamba kamba yenyewe ni ya chuma.

Jumatatu, 15 Juni

Jicho la kushoto limetolewa. Serge amewataja kwa polisi watu wawili kati ya wale watano, na mmoja ni kofia nyekundu. Nilimwomba asitaje.

Nimempigia kelele baba mudogo bila sababu. Nilimwambia, wewe mwindaji mkubwa, umewinda nini hapa zaidi ya nguruwe? Aliendelea kunyoosha kijiti juu ya moto wa jiko.

Jumatano, 24 Juni

Dagaa wa baridi wamefika pwani, watu wanapigana kwa ndoo na masufuria. Mwanamke mmoja amevunjwa meno kwa ajili ya samaki wa bure.

Jumanne, 30 Juni

Wale wawili waliokamatwa wameachiwa. MaDlamini, mama Mzulu wa mlango wa pili anayenilelea Agathe nikiwa saluni, amenishika mkono kwenye korido. Amesikia dukani kwamba watakuja kumtaka Serge afute maneno yake. "Nenda kwa ndugu zako," akasema. Ndugu zangu wote wapo kwenye chumba hiki kimoja, nikamjibu.

Joto limekuja ghafla, ule upepo mkavu wa kutoka milimani. Katikati ya majira ya baridi tunatoka jasho. Klabuni Jumamosi nilipiga katikati ya shabaha mara tisa katika kumi, na kila mara niliona kofia nyekundu. Kisten alinipigia makofi.

Jumapili, 5 Julai

Nitaandika kwa utaratibu. Nikisimama sitaandika tena.

Saa tisa alasiri. Upepo ule ule wa moto, milango yote ya korido wazi. Serge alikuwa kitandani na bendeji, Agathe pembeni yake. Baba mudogo alikuwa mezani na pinde za klabu, zile za chuma zenye roda, na ukutani umening'inia upinde wake wa mti aliotoka nao kwetu. Nikasikia viatu vingi kwenye ngazi. Nikafunga mlango wetu na kumsukuma Serge na mtoto chooni.

Waliupiga mlango kwa nondo, ukapasuka upande wa bawaba. Wakaingia watano. Hawakuniuliza kitu. Mmoja alivunja kioo changu cha kusukia, mwingine akamwaga sufuria la maharage sakafuni. Baba mudogo alisimama katikati, mikono wazi, akiwasihi kama wanawe kwa Kiswahili chetu, "Bana bangu, mutoke. Mutoke pole pole." Kofia nyekundu akampiga nondo kichwani. Nilisikia ule mlio. Mzee alikaa chini taratibu, damu ikashuka mpaka shingoni. Wakaanza kuupiga mlango wa choo, na ndani mwanangu akawa anapiga yowe moja tu, refu, bila kupumua.

MaDlamini alitoka koridoni akipiga sufuria, akipaza sauti kwamba polisi wako chini. Wakatoka mbio, wanne kwa pamoja. Kofia nyekundu alitoka wa mwisho, na yeye hakukimbia. Alinitazama, akatema mate juu ya maharage, akaenda zake.

Sasa ndipo penyewe. Walikuwa wameshatoka. Mtoto alikuwa mzima. Ningeweza kuziba mlango kwa kabati. Nilishusha upinde wa baba mudogo ukutani, nikachukua mshale mmoja mezani, nikatoka mpaka juu ya ngazi. Alikuwa anashuka. Mgongo wake ulikuwa kwangu, umbali wa hatua kumi na nne hivi, na nikavuta kama tunavyovuta klabuni, kidole gumba kwenye taya. Hasira hasara, wanasema. Mimi sikusikia hasira. Nilisikia raha mkono ulipofunguka, na naandika hapa ili nisije nikajidanganya siku nyingine.

Alianguka kwenye kona ya ngazi. Amekufa.

Niliporudi, baba mudogo alikuwa amejikokota hadi mlangoni. Alinitoa upinde mkononi, akakaa nao mapajani. Polisi walipomkuta hivyo, mmoja akiwa na mshale wenye damu, mzee aliunyooshea kidole: "Yangu." Hilo hata yule polisi Mzungu alilielewa.

Jumatatu, 6 Julai

Kituoni hawakuwa na mtu wa Kiswahili. Waliniita mimi.

Inspekta aliuliza, na mimi nikatafsiri: "Wewe ndiye uliyempiga yule mtu?"

Baba mudogo, nyuzi kumi na moja kichwani, akajibu akinitazama mimi: "Mushale ni yangu. Nyama ni yangu."

Inspekta akangoja na kalamu yake. Ningeweza kusema neno kwa neno. Ningeweza kusema, bwana, huyu anazungumza sheria ya ukoo wetu, anamaanisha alichonga mshale. Nilimfikiria Agathe, miaka miwili, na baba yake mwenye jicho moja.

"Anasema ndiyo," nikasema. "Anasema alimpiga yeye."

Mzee haelewi Kiingereza, lakini aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetendewa haki. Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Wakampeleka.

Alhamisi, 9 Julai

Kisten amekuja hadi saluni, hakukaa. Kamati imesimamisha suala la ngao. Alikuwa na machozi, mzee wa watu. Aliniuliza, "Alimpiga kwa nyuma, Vénérand? Yule aliyetufundisha tusiache hata sungura na jeraha?" Nikaendelea kusuka.

Jumapili, 12 Julai

Nimekwenda kumwona. Amekonda. Wafungwa wenzake wanamwita Babu na kumpa sehemu karibu na dirisha. Nilianza kusema, "Baba mudogo, nitawaambia," akanikata.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Wewe ulikuwa mukono. Unataka kunifundisha leo? Nina miaka sitini na tano. Agathe iko na miaka ngapi?"

"Miwili."

"Basi."

Nilirudi nimefarijika. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyo. Sheria ya ukoo ilinifaa, nikajifunika nayo.

Jumatatu, 20 Julai

Sijalala. Serge naye halali, lakini haulizi. Anajua.

Jumatatu, 3 Agosti

Redio inasema vita vimeanza tena kwetu. Hakuna pa kurudi. MaDlamini ameleta viazi vitamu, akakaa kitandani kwangu muda mrefu. Mwishoni akasema, "Mimi nilikuwa koridoni siku ile. Nimewaambia polisi nilifunga mlango, sikuona kitu." Nilimwuliza kwa nini. Akasema yule kijana aliyekufa aliwahi kumbebea mtungi wa gesi ghorofa tatu bila kutaka kitu, na mimi namsuka binti yake bure, kwa hiyo ameona afadhali asiwe upande wowote.

Sikutaka kujua habari ya mtungi wa gesi.

Jumanne, 11 Agosti

Kesho mahakamani. Wakili wa serikali amesema mzee akikiri atapata miaka kumi na mitano, pengine zaidi, kwa kuwa marehemu alipigwa mgongoni akiondoka. Sitini na tano na kumi na tano. Hesabu hiyo hata Agathe ataiweza. Atafia mle ndani kwa ajili ya mkono wangu, halafu watoto wa watu watafundishwa klabuni kwamba mtu mwenye pete tatu aliua kwa nyuma. Kazi ya miaka hamsini nimeitemea mate mimi, kama yule alivyotemea maharage yangu.

Nimemfundisha Serge kusuka mtoto mistari miwili. Amesuka upande upande, na Agathe amekubali.

Jumatano, 12 Agosti

Mkalimani wao hakutokea. Wakaniita tena mimi, wakaniapisha kwa Biblia kwamba nitatafsiri kweli tupu.

Benchi la mbele alikaa mama mmoja mwenye kitambaa cheusi, mama wa marehemu, na ndipo nilipojua kwamba kofia nyekundu aliitwa Sibongiseni. Alikuwa na pengo kwenye meno ya mbele, yule mama, na kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba. Alinitazama tu kama unavyomtazama karani.

Hakimu akauliza kama mshtakiwa anakubali kwamba alimpiga marehemu mshale.

"Mushale ni yangu," akasema baba mudogo, kisha polepole, kwa sauti ya nyumbani: "Sema ndiyo, mwana. Sema ndiyo twende."

Nikasema kwa Kiingereza: "Anasema mshale ni wake. Anasema niseme ndiyo. Lakini alichonga tu. Aliyepiga ni mimi, na kituoni nilidanganya."

Hakimu akaniambia nirudie, nikarudia. Halafu nikamgeukia mzee nimtafsirie nilichosema, maana ndiyo kazi niliyoapia. Sijawahi kuona uso ule kwake. Aliruka kizimbani akanyoosha mikono kunifikia, na sijui hadi sasa kama alitaka kunikumbatia au kunikaba. Askari wawili walimshika. Alipiga kelele kwa lugha ya kwetu kabisa, ile ambayo hata mimi siielewi yote, lakini neno la mwizi nalijua.

Jumapili, 30 Agosti

Mahabusu ya wanawake. Daftari wamenirudishia jana baada ya kulisoma, ingawa sijui wamelisomaje.

Baba mudogo ameachiwa tangu tarehe ishirini. Serge huja kila Jumatano na Agathe. Kisten aliandika barua kwamba kamati itazungumza tena juu ya ngao. Mzee hakuja kabisa, mpaka leo.

Alikaa upande wa pili wa kioo, kofia magotini, akaangalia simu ile kana kwamba itamuuma. Aliposhika, hakunisalimia.

"Umeniiba nyama yangu," akasema. "Miaka makumi tano, hakuna mutu alishaiba nyama kwa mushale yangu. Na wewe mutoto wa ndugu yangu."

"Nisamehe, baba mudogo."

"Nilikuwa tayari. Nilishakaa nayo. Mbele ya watu yote umenifanya mutengeneza vijiti."

Kisha akaniuliza lile analowauliza watu wote wa klabu kabla hawajapanda gari, swali ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu siku ile, na ambalo polisi, wakili na hakimu hawakuwahi kuniuliza.

"Alikufa mbio? Haraka?"

Ningeweza kudanganya. Nimeshakuwa fundi.

"Hapana."

"Alikaa muda?"

"Alikaa. Alikuwa ameegemea ukuta wa ngazi, ameshika ncha iliyotokea kifuani kwa mikono miwili. Alitoa povu. Akaniona nimesimama juu. Akasema, Mama, amanzi. Maji, baba mudogo. Aliomba maji mara tatu. Ndoo ilikuwa nyuma ya mlango wangu."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama. Nilimwangalia mpaka akaisha."

Mzee aliinamisha kichwa. Ile alama ya nondo imeshafunga, nywele hazioti pale. Nilidhani analia, lakini alipoinua uso macho yalikuwa makavu, na alizungumza bila hasira, kama anavyogawa nyama.

"Mushale yangu haijaacha kitu kikiteseka hata siku moja," akasema. "Basi ile si yangu. Ile ni yako."

Akaweka simu chini, akavaa kofia, akamwonyesha askari kwa mkono kwamba amemaliza.